Silabi ya Katikati

Kambini, 3 Machi

Mwalimu,

Nilifika salama. Basi liliharibika njiani, nikashuka kumsaidia dereva kufunga mkanda wa feni, ndiyo maana niliingia kambini nikiwa na oili mpaka masikioni. Pampu mbili nilizoziacha zikifanya kazi nimezikuta zimekufa. Maji yalikuwa yanapanda ndani ya handaki na watu wameyakodolea macho, kila mmoja akidhani mwenzake ameshanipigia simu.

Mimi ni mzima. Wewe najua utaniandikia kwamba u mzima, kwa hiyo hapo nimeshakujibia.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Mkuu wa mradi ameniita. Handaki hili linaisha mwezi wa sita na mkataba wangu unaisha nalo. Wanakwenda kuchimba la pili, mbali zaidi, miaka miwili, likizo mara moja kwa mwaka. Anataka jibu kabla Aprili haijaisha. Ningekupigia, lakini unazijua simu za hapa: mtandao unapatikana kwenye ngazi za kantini tu, na kantini imejaa watu wasio na kazi ila kusikiliza ya wenzao. Barua hii ameibeba dereva wa lori la vipuri.

Jibu lako nadhani nalijua. Nauliza tu kwa sababu ni haki yako kuulizwa.

Mume wako


Nyumbani, 15 Machi

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitafuta utani, ya pili nikitafuta kosa langu. Tangu lini unatia sahihi "mume wako"? Barua zako zote zinaisha na "Fundi", na chini yake ule mchoro wa spana unaofanana na kijiko. Safari hii hata kijiko sikukiona. Nikajiambia labda ni uchovu wa safari.

Mimi ni mzima kama ulivyosema. Mgongo unanisumbua kidogo, ni vile viti vya darasa la kwanza, mtu mzima ukikaa magoti yanakufika kidevuni. Jana nimewapa watoto imla. Nimesoma, "Baba anafuga kuku." Mmoja ameandika, "Baba anafua kuku." Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia dirishani. Herufi moja tu ikidondoka, kuku wa watu ameshatiwa kwenye beseni.

Kuhusu handaki la pili, kama kazi ni nzuri, ichukue. Usinifikirie mimi, nimeshazoea. Sitaki siku moja uje useme nilikuzuia.

Mwalimu


Saluni, 2 Aprili

Wifi,

Salamu nitazileta mwisho, zikibaki. Leo nimefunga saluni mapema na kumwambia mteja aliyesukwa nusu kichwa arudi kesho, na alivyoninunia unaweza kukisia mwenyewe. Ujue basi nina jambo.

Mdogo wangu alipitia kwangu siku ile anarudi kazini. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, na hakujiangalia hata mara moja. Mimi ndiye niliyemlea mama alipotuacha. Namjua akiwa na homa na namjua akiwa na siri. Nilimbana mpaka akasema. Anasema asubuhi ya kuondoka, mkiwa bado kitandani, ulimwambia kwa kinywa chako: nimekuchoka. Akaamka, akavaa, akabeba begi.

Nimekaa na neno hili mwezi mzima nikingoja hasira zipoe, hazikupoa. Mtu huchoka, wifi. Mume naye ni mzigo kama mizigo mingine. Lakini ndiyo umwambie basi likiwa linamngoja? Tena anasema si leo wala jana. Kila akija likizo unapata kazi. Unafua mapazia yaliyo safi, unasahihisha madaftari mpaka asinzie. Kama kuna mtu mwingine, niambie mimi kabla sijaambiwa na majirani. Nakuuliza kama wifi, na wifi ana ruhusa ya kuuliza vitu vya aibu.

Msusi


Nyumbani, 9 Aprili

Wifi yangu Msusi,

Sikusema hivyo. Nimeirudia asubuhi ile kichwani tangu barua yako ilipofika, na sikusema. Nilisema "nimechoka". Hilo nimelisema mara nyingi hata linanitoka lenyewe. Lakini "nimekuchoka" sijawahi kumwambia mdogo wako hata siku alipoosha spana zake kwenye sufuria yangu.

Mtu mwingine hayupo. Angekuwepo ningemhurumia.

Naumia, wifi. Nikiwa na mdogo wako, naumia. Si pale mlangoni, ni ndani kabisa, kama nina jipu nyuma ya tumbo na kila akisogea analibonyeza. Nauma meno. Naangalia ufa wa dari, ule anaoahidi kuuziba kila likizo. Akimaliza anadhani nimelala, kumbe nangoja maumivu yapite niweze kukunja miguu. Kesho yake nafundisha nimeegemea ubao. Na siku zangu za mwezi ndizo usiseme, hizo tangu usichana wangu natambaa kwenda chooni.

Nilikwenda zahanati. Daktari mmoja aliniambia ni mawazo. Mwingine aliniambia nikizaa yataisha, kana kwamba mtoto anauzwa duka la dawa. Nesi mmoja mtu mzima alinishika bega akasema mwanamke hujikaza. Basi nikajikaza kisabuni.

Ya mapazia ni kweli. Nilikuwa nayafua ili nichelewe kuingia chumbani. Na kinachonimaliza ni kwamba nampenda. Likizo yake ikikaribia nafurahi mpaka watoto wananiuliza mwalimu kuna nini, halafu nakumbuka kitanda, naanza kuyatafuta mapazia. Mwaka jana likizo yake ilipofutwa nilishukuru, kisha nikalia kwa sababu nimeshukuru. Sasa kuna huo mkataba wa miaka miwili. Nimemwandikia aende. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaki aende.

Nakuomba usimwambie. Mwanamume ukimwambia kwamba miaka yote hii amekuwa akikuumiza, atakugusaje tena? Nimechoka, wifi. Umeona? Limetoka lenyewe.

Mwalimu


Saluni, 14 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako nimeisomea chumba cha nyuma, nimekaa juu ya ndoo, wateja wakiniita nikajifanya sisikii.

Unajua kwamba mume wangu alinirudisha nyumbani. Kwa nini alinirudisha hujui, maana kwetu tulisema tu kwamba hatukupatana. Aliniita barafu. Aliwaambia hata rafiki zake, wakawa wakinipita njiani wanajikunyata kama watu wanaosikia baridi. Sikuwa barafu. Nilikuwa naumia palepale ulipopataja. Nikadhani nimeumbwa vibaya, tena peke yangu. Miaka yote nasuka vichwa vya wanawake, wananimwagia kila kitu, mpaka mikopo ya waume zao, na hakuna aliyenieleza hili. Na mimi sikuwaeleza.

Sasa sikiliza. Nina mteja ambaye ni nesi hospitali kubwa, nimemuuliza kama ninayemuulizia mtu. Anasema kuna daktari wa wanawake anayesikiliza, yupo kila Jumatano. Nitakuja wiki ijayo, Jumanne jioni. Usifue pazia lolote.

Mdogo wangu sitamwambia. Hilo ni lako, na uliandike upesi, maana akisaini amesaini. Mimi mume wangu sikumpa nafasi ya kujua. Huenda angeniita barafu vilevile. Lakini sikumpa.

Na samahani kwa ile barua ya kwanza. Salamu zilizobaki ndizo hizi.

Msusi


Kambini, 19 Aprili

Mwalimu,

Umesema nisikufikirie. Nimejaribu, na kazi hiyo ni ngumu kuliko pampu.

Nilitaka kulinyamazia hili, lakini tusidanganyane. Asubuhi ile nilikusikia. Sikukasirika. Nilijua tu kwamba umetoa kitu ulichokuwa unakimeza muda mrefu, na nikakumbuka kila ulipogeukia ukutani nikaona ndicho hicho. Mtu akichokwa na aondoke kistaarabu. Nitasaini Ijumaa.

Funguo za kabati usizitafute, nilizibeba kwa kusahau, nitampa dereva akuletee. Ule ufa wa dari mwite fundi wa mtaani. Mimi naona sitauwahi.

Mume wako


Nyumbani, 27 Aprili

Fundi,

Barua yako imefika leo na Ijumaa yenyewe imeshapita. Kama umesaini, soma hivyohivyo.

Mimi si mzima. Naanza hapo, kwa sababu miaka yote nimekuandikia kwamba ni mzima, na ndipo tulipopotezana.

Tukiwa pamoja naumia. Naumia ndani, sana, na nimeumia tangu mwanzo wetu. Sikukwambia kwa sababu nilidhani ndivyo wanawake walivyo, halafu nilipojua sivyo, niliona nimeshachelewa kusema.

Jumatano tulikwenda hospitali na dada yako. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye mafua, meza yake imejaa leso. Aliuliza habari za hedhi, nikajibu. Aliuliza habari za choo, nikajibu. Kisha akauliza huku anaandika, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Na ukiwa na mumeo, unaumia?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Dada yako akanijibia. Alisema, "Tunaumia," kisha akajirekebisha, "anaumia," akageukia dirishani. Hilo la kwake muulize mwenyewe.

Daktari alinipima. Alipobonyeza nyuma ya mfuko wa uzazi niliruka, naye akasema, "Basi ni hapo." Ugonjwa unaitwa endometriosisi. Nimeuandika ubaoni watoto walipoondoka, silabi kwa silabi, ili niuzoee mdomoni. Kuna utando ndani ya mfuko wa uzazi, ule unaotoka na hedhi. Kwangu kitu kama hicho kimeota na nje ya mfuko, kila mwezi kinavimba na kuvuja na damu haina pa kutokea, kinaacha makovu. Kikiguswa kwa ndani, ndiyo maumivu yale. Kwa hiyo si mawazo yangu, na si wewe. Amenianzishia vidonge. Baadaye huenda akanipasua, matundu madogo tu. Hakuniahidi kwamba utaisha. Amesema unatulizwa.

Sasa ile asubuhi. Nimekaa na neno ulilolisikia kama ninavyokaa na imla ya mtoto ambayo sioni kosa limeingilia wapi. Jana nimelipata. Nilianza kusema "nimechoka". Nilipofika "nime", ulisogea, maumivu yakanikata pumzi, sauti ikanikwama kooni. Kisha nikamalizia, "choka", kwa sababu nilishaanza na sikutaka ujue. Ile sauti ya katikati ndiyo uliyoisikia ikawa "ku". Haikuwa silabi, Fundi. Ndipo palipouma.

Sijakuchoka. Nimechoka, hilo ni kweli, na nadhani nitaendelea kuchoka kwa muda. Lakini sitaki uende miaka miwili. Nilikwambia uende kwa sababu ukiwa mbali mwili unapumzika. Mimi mwenyewe sipumziki.

Mwalimu


Kambini, 8 Mei

Mwalimu,

Nilikuwa nimesaini. Barua yako imenikuta karatasi zimeshapelekwa makao makuu.

Sijui niandike nini, kwa hiyo naandika ovyo. Kazi yangu mimi ni kusikiliza. Pampu ikilia sauti isiyo yake wananiita, nasimama nafumba macho, nasema, beringi ya mbele hiyo, zimeni. Na ukiizima mapema inapona. Sauti yako nimeisikia miaka yote kwa ukaribu ule, na nilidhani ni raha. Ukweli usemwe, nilijivunia. Usiniandikie kwamba si kosa langu, nimeshasoma. Niache nijisikie vibaya kidogo, nitatulia.

Nilikwenda kwa mkuu wa mradi. Ofisi yake ni kontena, na ndani walikuwemo mhasibu na mpima ardhi wanakunywa chai. Nikasema nataka kuiondoa sahihi yangu, mke wangu anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Siku nyingine ningesema homa. Nikamwambia ana endometriosisi, ameumia miaka mingi tukiwa pamoja na mimi sikujua. Mpima ardhi alikitazama kikombe chake kama kina ramani ndani. Mkuu akasema sahihi ni sahihi. Nikasema sawa, mimi nipo hapa mlangoni. Nikasimama mpaka chai yao ikapoa.

Nilipotoka, mhasibu alinifuata nje. Aliniomba nilirudie lile jina polepole, akaliandika kiganjani. Hakusema la nani, nami sikuuliza.

Wamekubali nusu nusu. Nitakwenda handaki la pili mpaka Agosti tu, niwafundishe vijana wa pampu, kisha niondoke bila barua ya sifa. Ni mbali, najua. Dada nimemwandikia. Amenijibu mstari mmoja, kwamba tutazungumza nikija na nije na kitambaa cha machozi changu mwenyewe.

Mapazia nakuomba uyaache yalivyo. Nitalala upande wangu na nitakuwa nimelala kweli. Sitakugusa mpaka uniite, na ukisema niache nitaacha, hata kama neno halijafika mwisho.

Funguo sikumpa dereva. Nitakuja nazo mwenyewe.

Fundi
(hapa chini ni spana, si kijiko)


Nyumbani, 12 Septemba

Wifi yangu Msusi,

Mdogo wako alifika amekonda. Siku ya pili tu aliuziba ufa wa dari, kwa hiyo sasa sina pa kuangalia.

Uliniomba nikueleze bila kupaka rangi. Vidonge vinanitia kichefuchefu na kuninenepesha mashavu, ila siku za kutambaa zimekoma. Maumivu yamepungua, hayajaondoka. Upasuaji nimepangiwa Januari, na kuna asubuhi nyingine naamka sitaki kusikia habari za tumbo langu tena, nataka kuwa mtu mwenye tatizo la meno.

Wiki mbili za mwanzo tuliishi kama wageni waliopewa chumba kimoja kwa makosa. Samahani, hapa ni ya mdogo wako chumbani, ukiona aibu ruka mistari. Alikuwa akijikunja ukingoni mwa kitanda mpaka nikaogopa ataanguka. Jumapili moja mchana, mvua inapiga bati, mimi ndiye niliyemwita. Mwanzo palikuwa pazuri, nisiseme uongo. Kisha pakauma. Nikafungua mdomo na lile neno langu la zamani likawa linakuja, nikalirudisha. Nikasema, "Naumia."

Akaacha hapohapo. Hakununa, hakushusha pumzi ile ya mtu aliyenyimwa. Akauliza, "Bado?" Nikasema, "Inapungua." Akanisaidia kukunja miguu, maana nilishamwambia hiyo ndiyo inayonisaidia, tukakaa tunasikiliza bati. Nililia, wifi. Yeye alishika mguu wangu tu.

Sikwambii kwamba tumepona. Anaogopa kunigusa, mimi naogopa kuogopwa, na kuna siku tunachokana kweli, kwa mambo ya kawaida, nani ameacha bomba wazi. Lakini sasa naingia chumbani bila kuzunguka.

Daktari aliuliza habari zako. Nilimweleza kwamba kwako hedhi imeshakoma na mume mlishaachana, na kwamba unasema huoni faida ya kupimwa. Amesema hawezi kuapa ulikuwa na nini siku zile, ila ukija atakusikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia walikuita barafu. Akapenga kamasi, akasema tangu aanze kazi hajawahi kuiona hiyo barafu. Jumatano yoyote ukija, nitaomba ruhusa shuleni tuende wote. Safari hii mimi ndiye nitakayekujibia ukishindwa.

Jana nimetoka shule miguu imevimba. Nimesahihisha imla, nimefua mashuka, nimejitupa kwenye kiti cha sebuleni. Nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Nimechoka." Mdogo wako akatokeza kichwa mlango wa jikoni, uso umembadilika, mwiko mkononi.

"Umechoka," akauliza, "au unaumia?"

Nikajisikiliza kwanza, mgongo, tumbo, na kule nyuma.

"Nimechoka tu," nikamwambia. Akarudi jikoni.

Mwalimu